Tarumbeta kwa Mkono wa Kushoto

Kama hujawahi kumpenda binti wa mwalimu wako wa hesabu, wewe tulia, dunia haijakufanya kitu. Wenzangu wanapenda mabinti wa wenye maduka, wa madereva, wa watu ambao hawajui ulipata ngapi kwenye mtihani. Mimi nikibisha hodi pale, mlango unafunguliwa na mtu ambaye aliwahi kunisimamisha mbele ya darasa zima akasema, "Tazameni kichwa hiki. Kinafaa sana kuvalia kofia."

Yeye ndiye aliyenibandika jina la Kiberiti. Eti nawaka upesi, nazimika upesi, na nikipata maji kidogo sina faida tena. Shule nimemaliza, jina limebaki. Sasa niko kwa mjomba wangu, fundi wa makochi, nagonga misumari huku nikingoja matokeo ya mtihani kama mtu anayengoja mbwa wa jirani afunguliwe.

Binti yake tunamwita Sindano. Mwembamba, sawa, lakini jina halikutokana na wembamba. Kaa naye dakika tano, utaelewa mwenyewe.

Sindano anafuma. Usiseme anafuma vitambaa vya meza, atakuchoma mpaka uombe dawa. Anafuma watu. Mjomba alimtengenezea fremu kubwa kwa mbao za kitanda kilichovunjika, ikasimamishwa kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yao, na uzi anaupata kwa kufumua masweta ya mitumba. Na watu anaowafuma ni wa aina moja tu: wanawake weusi waliotangulia kwenye muziki, wale waliopiga vyombo enzi ambazo kila mtu anasema kazi ya mwanamke bendini ni kuitikia na kutingisha kiuno. Alishamfuma mmoja anapiga gitaa na mtoto yuko mgongoni amelala fofofo. Akamfuma wa pili amezungukwa na ngoma kama muuza vyungu. Akamfuma wa tatu kwenye kinanda, yule ambaye vidole vyake vinasikika kwenye sahani za santuri na jina lake halimo.

Na kwenye ngozi zao hakuna uzi mweusi hata mmoja. Nilipomuuliza akaniambia, "Wewe umeshaona mtu mweusi mwenye rangi ya lami?" Anachanganya kahawia, zambarau na bluu ya sweta za shule, anazipitisha hivi na hivi, halafu unasimama mlangoni unamwona mama mweusi anang'aa kama ametoka kuoga sasa hivi. Mimi kukaa kimya siwezi, hata kwenye misiba nakanyagwa mguu, lakini siku ya kwanza nilipoona kile kitu nilikosa neno. Sindano akageuka akanitazama. Akasema, "Kumbe una kizimio." Hapo hapo nikaisha.

Kazi yangu ilikuwa kumchorea. Kuchora najua. Madaftari yangu ya hesabu yalijaa michoro, ndiyo maana hayakuwa na hesabu.

Sasa mtu wa nne. Wa nne alikuwa bibi yake mwenyewe, mama mzazi wa Mwalimu. Ujana wake alikuwa mwanamke wa kwanza mjini kupuliza tarumbeta kwenye bendi ya dansi, na wazee mpaka leo wakimwona wanamwita Bibi Tarumbeta. Umri umekwenda lakini pumzi bado anayo. Akipuliza chai ipoe, nusu inahamia kwenye kisahani.

Ukumbi wa maonyesho wa mjini ulikubali kuvitundika vitambaa vya Sindano, lakini vyote vinne, siyo vitatu. Mwalimu naye akaweka sharti lake. Alisema, "Nyuzi hazina pensheni. Lakini mimi ni mtu wa haki. Mama akikikubali hicho kitambaa chake, endelea na nyuzi zako, sitasema tena. Akikikataa, Jumatatu unakwenda kwa baba yako mdogo kujifunza kazi ya ofisi."

Baba mdogo anakaa mbali. Mbali kabisa. Mahali ambapo mtu akienda anarudi ana mchumba mwenye tai.

Kwa hiyo unaelewa. Kitambaa kimoja, neno moja la Bibi, na mimi na maisha yangu yote tumening'inia hapo kama soksi kwenye kamba.

Halafu mimi mwenyewe nikavuruga.

Siku moja mchana nimekaa chumba cha nyuma, mikono mbele kama mtu anayeomba mvua, uzi umezungushwa kwenye viganja vyangu, Sindano anauviringisha kuwa donge. Kazi hiyo inataka mtu atulie. Na kadiri donge linavyokua, anayeviringisha anasogea. Alishasogea mpaka naona nukta ndogo iliyo chini ya jicho lake, ile ambayo huwezi kuiona ukiwa na adabu. Nikasema moyoni, Kiberiti, leo ndiyo leo.

Mlango ukafunguka. Mwalimu.

Alinitazama mimi, akatazama mikono yangu, akamtazama binti yake, akarudi kwangu.

"Wewe Kiberiti. Ndani ya nyumba yangu wewe ni nani?"

Jamani. Kulikuwa na majibu mengi. Ningeweza kusema ni mchoraji. Ningeweza kusema ni rafiki. Ningeweza hata kuzimia. Nikasema:

"Mimi mteja, Mwalimu."

"Mteja wa nini?"

"Wa... sweta."

Kulikuwa na joto la kukaanga yai ukutani.

Mwalimu akaondoka anatikisa kichwa. Sindano akaacha kuviringisha. Akauvua uzi wote mikononi mwangu taratibu, kidole kimoja kimoja, bila kunigusa. Sijui aliwezaje.

"Haya, mteja," akasema. "Sweta lako likiwa tayari tutakuita."

Basi. Kuanzia hapo hakuna salamu, hakuna jicho. Nikipita dirishani analifunga. Nikikohoa anaimba.

Sasa sikiliza namna hiyo kazi inavyokwenda, maana hapa ndipo tulipotumbukia wote. Sindano akifuma anakaa nyuma ya kitambaa. Ncha zote za uzi na mafundo yote yako upande wake, ule upande mzuri unatazama ukuta. Kwa hiyo anachokiona yeye ni kinyume, kama kwenye kioo. Ili mtu atokee sawasawa kule mbele, mchoro lazima ugeuzwe kwanza. Mimi nilikuwa nachora kama picha ilivyo, karatasi kubwa kama shuka. Yeye anaipindua, anaurudia mchoro wote kwa upande wa pili, mstari kwa mstari, ndipo anaanza kuufuata kwa uzi. Kugeuza huko kunamfanya akeshe. Asubuhi macho yamevimba kama amelia.

Ndiyo nikapata wazo. Mimi na mawazo yangu. Nikasema safari hii nitamgeuzia mwenyewe. Wengine wakitaka kusamehewa wananunua maua, mimi nitamgeuzia bibi yake. Nikakaa kwa mjomba, nikamchora Bibi Tarumbeta kinyume, vizuri, kuanzia viatu mpaka kilemba. Nikaviringisha karatasi, nikampa Shangazi yake Sindano, dada mkubwa wa Mwalimu, anayekaa nao pale.

"Shangazi, mpe hii. Usiseme kitu chochote."

Na Shangazi, ambaye tangu azaliwe hajawahi kutosema kitu, siku hiyo akatii.

Sindano alipoipata akafanya kama anavyofanya siku zote. Akaigeuza.

Na asingegundua. Kitambaa kinaviringishwa chini kadiri kinavyokua, anaona kipande kama upana wa mto tu. Leo viatu, kesho gauni, keshokutwa kiwiko. Hakuna aliyemwona Bibi mzima mpaka Jumamosi mchana, siku ya kukata.

Jumamosi hiyo niliitwa kwa sababu kitambaa ni kizito na Mwalimu ana mgongo. Sindano akakata nyuzi za mwisho kwenye fremu kwa mkasi, krr, krr, tukabeba lile furushi lililoviringishwa mpaka sebuleni, yeye mbele mimi nyuma, kama tumebeba mgonjwa. Katikati ya sebule kulikuwa na viti viwili vimepangwa. Mpango ulikuwa tupande juu yake, tulishike kwa juu, tuliache lifunguke. Watazamaji watatu walikuwa mbele yetu: Mwalimu amesimama mikono nyuma, Shangazi kwenye kochi kubwa, na Bibi kwenye kiti chake, miwani puani.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba. Mbona umekonda? Huyu mtoto mnampa nini?"

"Anakula kwao, mama," Mwalimu akasema.

"Kwao ndiyo wapi? Kila siku yuko hapa."

Mwalimu akakohoa. Sindano, bila kunitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Shika vizuri, mteja." Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku ile. Nikashika vizuri kweli kweli.

Tukaachia. Kitambaa kikashuka, puu, mpaka sakafuni.

Sisi tulio juu hatukuona kitu zaidi ya ukingo. Tuliona nyuso zao. Na nyuso zilifunguka. Shangazi akashika kifua. Mwalimu, yule mtu ambaye uso wake ni kama mlango wa benki, mdomo ulimwachia kidogo.

"Mama," Shangazi akasema, "ni wewe! Ni wewe mzima mzima! Tazama hayo mashavu!"

Bibi alisimama. Akaja karibu polepole. Nikainamisha shingo, nikamwona anaweka kiganja kwenye shavu la kitambaa, lile shavu lililotuna kwa pumzi.

"Mashavu ni yangu," akasema. "Walikuwa wananiambia usitunishe, mwanamke akituna anatisha. Ningepulizaje bila kutuna? Kwa masikio?" Akacheka kidogo. Sindano naye akacheka, na mimi nikatoa pumzi niliyokuwa nimeificha siku nyingi.

Halafu kiganja cha Bibi kikashuka mpaka kwenye tarumbeta.

"Mashavu ni yangu," akasema tena. "Huu mkono ni wa nani?"

"Wako, bibi," Sindano akasema.

"Wangu?"

Bibi akanyanyua mikono yake mitupu, akashika tarumbeta ambalo halipo. Mkono wa kushoto ukashikilia. Vidole vya kulia vikaanza kubonyeza hewani, vyepesi, kama vya msichana. Kisha akaashiria kitambaa. Pale vidole vilivyokuwa vinabonyeza ni vya kushoto.

Mwalimu akasogea, akatazama kwa karibu.

"Amepinduka," Mwalimu akasema. Unajua walimu wa hesabu, hata nyumba ikiungua atakupa kanuni. "Kitu chote kimepinduka kama kwenye kioo. Tulisoma kidato cha pili. Kiberiti siku hiyo alikuwa anachora bata."

"Mkono ni mkono, mama," Shangazi akaingilia. "Nani atatazama vidole? Watu watatazama sura."

Bibi akamjibu bila kumgeukia.

"Wewe unakumbuka lile tangazo la bendi? Walipokuja kutupiga picha, walininyang'anya tarumbeta wakanipa leso. Eti nipendeze. Nikasimama pembeni na leso yangu, miaka yote watu wanaamini nilikuwa mcheza dansi. Sasa nikitundikwa ukumbini nimeshika kwa mkono huu, mpulizaji yeyote akipita atasema, 'Umeona? Huyu alishikishwa tu.'" Akavua miwani. "Mjukuu wangu, kazi ni nzuri. Lakini huyu siye mimi. Sitaki."

Neno lenyewe likawa hilo.

Mwalimu akashusha pumzi. Na sitamsingizia, hakufurahi. "Basi, binti yangu. Tulikubaliana. Jumatatu."

Nilimtazama Sindano. Alikuwa ameng'ang'ania ukingo mpaka vidole vimepauka. Hakulia. Akanigeukia kule juu ya kiti, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya sweta akanitazama machoni, na ningependa kusema lilikuwa jicho la mapenzi.

"Wewe," akasema, "ulichora nini?"

"Nilichora kinyume."

"Kinyume kwa nini? Siku zote unachora sawa, mimi ndiye ninayegeuza!"

"Nilikugeuzia!"

"Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma! Nilitaka upumzike!"

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje na dirisha unanifungia?"

"Ungeandika!"

"Ningeandika wapi, kwenye dirisha?"

"Juu ya karatasi! 'Nimegeuza!' Neno moja! Huyu Shangazi ungemwambia anieleze!"

"Nilimwambia asiseme kitu," nikasema.

"Na sikusema," Shangazi akasema kwa fahari. "Mara yangu ya kwanza. Sirudii."

"Siku ngapi nimekaa nyuma ya hiki kitu!" Sindano sauti ikampanda. "Mgongo wangu! Halafu unakuja kunigeuzia kimya kimya kama mwizi! Kwa nini lakini? Kwa nini?"

"Kwa sababu kila ukigeuza ile karatasi unakesha! Asubuhi macho yako yanakuwa mekundu, unasema ni vumbi la uzi, na mimi nayapenda macho yako yakiwa..."

Nikasimama hapo hapo. Nilikuwa juu ya kiti, katikati ya sebule, mbele ya mwalimu wangu wa hesabu.

"Yakiwa vipi?" Shangazi akauliza. "Malizia, mwanangu. Usituache njiani."

"Nyamaza, dada," Mwalimu akasema. Akanisogelea. Mimi niko juu, yeye yuko chini, na bado alikuwa mrefu kunizidi. "Mteja."

"Naam, Mwalimu."

"Sweta lako lina maendeleo gani?"

Ningeweza kuzima. Ndilo jina langu, si ndiyo? Na mlango ulikuwa wazi. Lakini nikaiona Jumatatu. Nikamwona Sindano na begi, na mtu mwenye tai.

"Hakuna sweta, Mwalimu. Nilikuogopa. Hata sasa nakuogopa. Lakini nampenda. Nimempenda tangu siku ile ya mama wa gitaa, na kosa hili ni langu. Kama kuna mtu wa kwenda kwa baba mdogo nipeleke mimi."

"Baba mdogo wa watu atakufanyia nini wewe?" Mwalimu akafoka. "Hata kujumlisha hujui!"

Hapo nilihisi kitu kwenye kitambaa, mtetemo mdogo unakuja kutoka upande wa Sindano, na nikadhani analia. Nikageuka. Alikuwa anacheka, midomo ameibana, machozi yanamtoka.

"Haya, shusheni hicho kitu," Mwalimu akasema. "Yameisha."

"Msishushe!"

Sauti ilitoka nyuma yetu. Wote tukashtuka. Bibi alikuwa amekwenda zake. Aliona watu wanagombana, akaamua kurudi chumbani kwake, na mlango wa chumba chake uko nyuma pale tuliposimama. Alikuwa amepita kando ya kiti changu, amefika mlangoni, akageuka ili aufunge.

"Msishushe kabisa," akasema. "Njooni huku."

Mwalimu na Shangazi wakazunguka. Sisi wawili tukabaki tunatazama kochi tupu. Nikajaribu kupinda shingo nichungulie, kitambaa kikainama.

"Wima!" Bibi akapiga kelele. Nikakaa wima.

"Mama, hapa ni nyuma ya kitambaa," tulimsikia Mwalimu. "Hapa ni mafundo tu."

"Vaa miwani yako. Mkono gani unabonyeza?"

Tukasikia kifuko cha miwani kikifunguliwa.

"Wa kulia," Mwalimu akasema polepole.

"Wa kulia. Na hizi nyuzi zinazoning'inia usoni hapa, unaona ni nini?"

"Ni... ncha za uzi, mama."

"Ni jasho. Tulikuwa tunatoka jasho, mwanangu. Taa za moto, gauni la kubana, wanaume kumi na wewe peke yako, ukikosea sauti moja wanasema tulijua. Yule wa mbele amenyooka mno, kama anangoja kupigwa picha. Huyu wa huku yuko kazini. Tazama hapa kwenye mdomo wa tarumbeta, zilivyochomoka zote! Ndivyo sauti inavyotoka! Inatoka ovyo ovyo hivi hivi." Akapiga kofi moja kwa furaha. "Huyu ndiye mimi. Kitundikwe hivi. Na asikate hata uzi mmoja."

Sindano karibu aanguke kwenye kiti. "Bibi! Huo ni upande wa nyuma! Hakuna mfumaji anayeonyesha nyuma yake! Kuna fundo hapo kwenye kiwiko, nililifunga nikiwa nasinzia, ni kubwa kama karanga! Watanicheka mji mzima!"

"Mimi nilisimama na leso," Bibi akasema. Hakupandisha sauti. "Wewe unaogopa fundo."

Nilimtazama Sindano. Macho yake yalikuwa kwenye ule ukuta wa mbele lakini hakuwa anauona. Mimi nilijua anavyofanya kazi. Huwa anafumua mstari mzima kwa sababu ya kosa ambalo hata wewe na hadubini hulioni. Kumwomba aonyeshe mafundo yake ni kama kumwomba atoke nje na nywele hazijachanwa.

"Na lile la kwenye kilemba?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Lile ndilo zuri kuliko yote," Bibi akasema.

Sindano akafumba macho, akayafumbua. "Haya, bibi. Hivi hivi."

"Mama, subiri," Mwalimu akaingilia. "Makubaliano yalikuwa kitambaa kikiwa sawa..."

"Makubaliano yalikuwa nikikubali. Nimekubali."

"Lakini umekubali upande usio..."

"Huyu mmoja kageuza, huyu mwingine kageuza tena, na mimi nimezunguka nyuma. Wewe si ndiye mwalimu? Hasi mara hasi ni nini?"

"Chanya, mama."

"Basi kaa."

Hata mimi hilo nilikuwa nalijua. Nilitaka kusema, nikaona nisiharibu.

Mwalimu hakukaa. Tulimsikia anasogea, na kitambaa kikatikisika kidogo kama mtu anakigusa kwa ncha za vidole.

"Ulikuwa unakuja kunitazama nyuma ya jukwaa nilikolala," akasema, na sauti hiyo sikuwahi kuisikia darasani. "Wanapumzika nusu saa, unakuja unanifunika. Unadondosha maji usoni kwangu. Ulikuwa hivi. Umelowa hivi hivi."

"Ulikuwa unalalamika nakulowesha," Bibi akasema.

"Nilikuwa mtoto, mama."

Shangazi akapenga kamasi kwa kishindo. Kisha Mwalimu akajisafisha koo, na sauti ya kawaida ikarudi kazini.

"Sindano, hutakwenda kwa baba yako mdogo. Kiberiti!"

"Naam, Mwalimu!"

"Wewe utakuja hapa kila jioni, kupitia mlango wa mbele, na daftari. Hesabu zako zitarudiwa mezani kwangu kuanzia za kidato cha kwanza. Mtu hawezi kumpenda binti yangu halafu hajui kujumlisha."

"Sawa, Mwalimu. Asante, Mwalimu."

"Usinishukuru. Hujaona maswali."

Nikamtazama Sindano. Alikuwa ananitazama. Kati yetu kulikuwa na bibi mzima wa uzi, na mikono yetu yote minne haina nafasi.

"Mikono inaniuma," akaninong'oneza.

"Tushushe?"

"Thubutu. Hajamaliza kujitazama."

"Umenisamehe?"

"Bado naifikiria ile 'mteja'. Ilinichoma. Nilikaa siku ngapi najiuliza, kumbe kwake mimi ni duka?"

"Hata kama ni duka, sina kwingine ninakokwenda."

Akauma mdomo asicheke. "Huwa unayasoma wapi hayo maneno?"

"Natunga mwenyewe. Hesabu ndiyo zinanishinda."

Nyuma yetu Bibi alikuwa ameanza. Kwanza midomo tu, prrr, kama anaondoa vumbi. Kisha ikaja sauti, sauti ya tarumbeta kabisa inayotoka kwa mtu asiye na tarumbeta, wimbo wa dansi wa zamani, na Shangazi akaudaka kwa kupiga makofi, na mguu mzito wa mtu mmoja ukaanza kugonga sakafu. Bibi hana mguu mzito. Shangazi alikuwa amevua viatu.

Nikaona hapa hapa. Nikakisogeza kiti changu kwa nyayo, kidogo, kuelekea kwake. Yeye akakisogeza chake. Kitambaa kikalegea katikati.

"Nani analegeza huko?" Bibi akakatiza wimbo.

Tukarudi haraka kila mtu mahali pake. Nikavuta upande wangu, Sindano akavuta upande wake, kitambaa kikanyooka tena, na wimbo ukaendelea nyuma ya migongo yetu. Mabega yaliniwaka moto. Yeye alivuta, mimi nikavuta, tunatazamana, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia.